Walikuwa Wangapi Chini ya Sakafu

Nyumbani, chumba cha mbele,
kwenye meza ya dirishani.
Jumanne, tarehe 16.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu huko mbali uliko, wewe na wote wa nyumba yako. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba unapanda ngazi kwa kushika ukuta, na mimi tangu siku hiyo kila nikiona ngazi nakuona wewe. Shemeji je, kile kikohozi kimemwacha au bado kinamwamsha? Usinijibu kwamba mnaendelea vizuri kama watu wa ofisini wanavyojibu. Niambie kweli.

Mimi mwili mzima. Presha inapanda na kushuka, nimeshaizoea kama mpangaji msumbufu. Kuku wamebaki tisa. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na paa halijavuja hata tone, lakini hilo si la kushangaza, unajua aliyeliezeka ni nani.

Unisamehe kwa mwandiko. Shule yangu iliishia pale ilipoishia, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wenzangu ubaoni, nawe ni shahidi. Leo herufi zinalala upande kwa sababu ya haya ninayoyaandika, siyo kwa kutojua.

Mdogo wangu, najua mkwe wangu yuko kwako. Hakuna aliyeniambia. Nimejua mwenyewe, kwa sababu mama hana, na mahali alipojifunza kushona na kucheka ni kwenye duka lako la ushonaji. Ndiko mwanangu alikomkuta alipokuja kukupigia lipu, kazi ya siku mbili akaifanya siku tisa, nawe ukawa unanicheka kwa barua. Jina la Sindano ulimpa wewe. Asante kwa kumpokea. Sikulaumu kwa kuninyamazia. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo yeye halijui, na mwanangu hatalisema hata umtoe kucha, na mimi nimelikalia siku kumi na nane kama mtu aliyekalia kaa la moto.

Nianze na fundi wetu, maana lazima unataka kujua habari zake. Ule ukuta mrefu wa shule mpya niliokueleza umekwisha. Mkandarasi alileta mafundi sita, lakini uliponyooka ni pale alipopita mwanangu. Watu wazima na akili zao husimama wakapitisha kiganja kwenye lipu yake kama wanaopapasa ng'ombe mnono. Nikipita pale na wenzangu huwa napunguza mwendo makusudi. Sasa mwiko wake umelala kwenye ndoo, saruji imeukaukia, naye hajausafisha. Tangu ana miaka kumi na sita mtoto yule hajawahi kulala na mwiko mchafu. Anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba. Anakwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na kutazama chini.

Ya mtoto unayajua. Nilikuandikia wakati ule mistari miwili, nikaipita haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Alizaliwa mimba ikiwa na miezi minane, akazaliwa hana pumzi. Ambalo sikukuandikia ni hili. Nilifika hospitali nikamkuta Sindano amempakata, amemfunika kwa kile kitambaa cha manjano nilichonunua mwenyewe, nikamtambia hadi muuza duka kwamba mjukuu wangu hatavaa nguo ya dukani. Sindano alitaka nimtazame usoni. Mimi nikamwambia usijikumbushe, mwanangu, wewe bado kijana, utazaa wengine. Nikamwita nesi aje amchukue, na kitambaa kikabaki mikononi mwa Sindano. Nilidhani ndio ujasiri. Na watu walipouliza nikawa najibu kwamba mkwe wangu bado hajajaliwa, naye yupo palepale anasikia.

Baada ya hapo akawa kama nguo iliyoanikwa ikasahauliwa. Cherehani aliifunika shuka. Nikimpelekea chai inapoa, nikirudi naikuta ilivyo.

Chumba chao unakikumbuka, kile cha nyuma, ambacho marehemu mume wangu alikijenga kwa sakafu ya mbao juu ya nguzo kwa sababu kiwanja kinateremka. Chini yake pana uvungu, kwa upande wa nyuma unafika kiunoni. Mwanangu aliuzungushia tofali na kuacha tundu moja la hewa lenye wavu. Wavu ukaliwa na kutu. Hapo ndipo nguchiro alipopatia njia.

Kwanza yakapotea mayai. Kisha nikamkuta tetea wangu mweupe hana kichwa. Halafu ikaanza harufu, mdogo wangu, harufu ya kukufanya uwaombe radhi wageni kabla hawajakaa. Nikajua tuna mpangaji.

Siku moja mchana nimeingia chumbani kwao nikamkuta Sindano amelala kifudifudi, sikio kwenye mbao. Nilifikiri amezirai. Akainua mkono kunituliza. Akasema, "Mama, kuna mwenzangu kazaa huku chini."

Ilikuwa mara ya kwanza namwona anatabasamu tangu hospitali. Kuanzia siku hiyo akawa anakula. Alikula mkate, akala mayai, yale machache tuliyobakishiwa. Shuka likatoka juu ya cherehani. Lakini kila saa sita analala pale sakafuni, anasikiliza, na penye ufa kati ya mbao mbili anaingiza kidole kama anayemwonjesha mtu kitu.

Hapo ningepiga magoti nikamshukuru Mungu. Mimi nikaona haya. Jirani wa upande wa pili alimwona dirishani akaniuliza kama mkwe wangu anaumwa mgongo, kwa sauti ile ambayo si ya kuuliza mgongo. Na mimi Jumamosi ile nilikuwa nimewaalika akina mama wa kikundi chetu, wote kumi na mmoja, waje waone mwanangu alivyokitengeneza upya chumba cha nyuma, mbao alivyozipiga randa mpaka zinateleza. Mwezi mzima nilikuwa nawaimbia habari za chumba hicho.

Kwa hiyo nikamwita Mzee Darubini. Huyu ni jirani yetu, alikuwa askari wa wanyamapori mpaka alipostaafu, na watoto wa mtaani walimpa jina hilo kwa sababu hata akienda kununua chumvi anaivaa shingoni. Aliinama kwenye tundu, akanusa, akainuka ameshika kiuno.

"Mama Fundi, huyu ni jike na ananyonyesha."

"Umeyaona matiti?"

"Nimeliona tumbo akiruka ua jana. Miaka thelathini nimelipwa kutazama matumbo ya wanyama, hebu niachie hilo."

Akatufundisha kazi. Usizibe leo, wala kesho. Mwaga majivu laini mbele ya tundu jioni, uyasawazishe kwa ubao, asubuhi uje usome nyayo. Ingiza kitambaa chenye siki kali upande wa ndani, asipende kukaa. Akichoka atawahamisha watoto wake mwenyewe, mmoja mmoja mdomoni. Nyayo zikitoka na kurudi, bado. Zikitoka na zisirudi asubuhi tatu zinazofuatana, hapo ziba. Akarudia mara mbili, asubuhi tatu, akinitazama mimi na si mwanangu, maana ananijua.

Mwanangu alimsikiliza vizuri. Akaweka siki, akamwaga majivu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi akaziba. Tofali tatu na saruji, kazi ya nusu saa, na hata hiyo akaipitishia pimamaji, kwa sababu ndivyo alivyo.

Jumamosi akina mama wakaja. Wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakasema sakafu hii mtu anaweza kulia chakula juu yake. Nilikuwa nimefika mbinguni. Sindano akaingia na sinia la chai, na wakati anamimina ndipo sauti ikatoka chini, nyembamba, kama cherehani iliyokosa mafuta. Ikanyamaza. Ikatoka tena, na nyingine juu yake.

Sindano akaweka sinia sakafuni katikati ya wageni, akapiga magoti, akaweka sikio. Mama mmoja wa kikundi, yule mnene mwenye mdomo, akasema, "Mama Fundi, hata panya wa kwako wanaimba," wakacheka wote. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na kiti cha ziada mkononi.

Sindano akamuuliza, "Walitoka?"

Nikajibu mimi. Nikasema, "Fundi mwenyewe aliangalia kabla hajaziba. Hao ni panya."

Mwanangu akanitazama. Mdogo wangu, nimemlea mtoto huyu asinipinge mbele ya watu, na hilo nalo nimekuwa nikijisifia kote. Akashusha kiti chini polepole. Akamwambia mkewe, "Ndiyo. Niliangalia."

Wageni walipoondoka Sindano akamwomba avunje. Hakupiga kelele, alimwomba tu, na nyundo alishaitoa sandukuni mwenyewe. Mimi nikasimama katikati nikasema saruji mbichi ikigongwa itapasua msingi, nikasema ni panya, nikasema kesho. Mwanangu akaichukua ile nyundo mkononi mwa mkewe akairudisha sandukuni.

Jumapili yule nguchiro jike alikuja mchana kweupe. Wanyama hawa ukikohoa tu wanapotea, lakini huyu tulikuwa tumesimama hatua nne naye anakwaruza saruji kama hatuoni. Anakwaruza, anaondoka, anarudia upande mwingine. Sindano alikaa naye pale nje mpaka jua likamchoma shingo. Ndani sauti zilikuwa zimepungua. Jumatatu hapakuwa na sauti.

Jumanne akachukua begi moja. Cherehani ameiacha. Mimi aliniaga kwa heshima, akanishika mkono kwa mikono miwili, nusura nifurahi. Mumewe alimwambia neno moja tu, nami nililisikia kutoka jikoni. "Ulisema uliangalia."

Mwanangu angeweza kusema, "Sikuangalia, mama ndiye aliyeniambia." Maneno manne tu, na hakuyasema. Hajayasema mpaka leo, wala kwangu hajaniuliza. Ananiletea dawa yangu ya presha na maji kila asubuhi kama zamani.

Basi, mdogo wangu, kuanzia hapa nakuomba umwite Sindano umsomee kwa sauti. Akikataa, kaa naye tu, soma hivyo hivyo, atasikia. Usiruke neno kwa kunionea huruma.

Sindano mwanangu, ni mimi mama.

Mumeo hakuangalia yale majivu. Niliyeangalia ni mimi. Ijumaa ile niliamka kabla yenu, nikaenda nyuma na kanga yangu begani, nikainama. Nyayo zilikuwepo, safi kama muhuri. Zimetoka mara mbili, zimerudi mara mbili. Na zilipotoka hapakuwa na alama ya kitu chochote kidogo pembeni yake. Mimi si mjinga. Aliyenifundisha alinifundisha vizuri, na nyayo nilizisoma kama ninavyosoma barua. Alikuwa bado hajawahamisha.

Nikachukua ufagio nikayafagia majivu yote, nikayatupa kwenye mashimo ya migomba, ili Mzee Darubini akipita asione kitu. Kisha nikamwamsha mumeo nikamwambia wametoka wote, nimeona mwenyewe, ziba kabla hawajarudi. Akaniuliza, "Na asubuhi tatu?" Nikamwambia Darubini amezeeka, anapenda kuitwaitwa. Akaniamini. Hajawahi kuona ninamdanganya, na kweli nilikuwa sijawahi.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya wageni kumi na mmoja na chai. Nimetafuta sababu nyingine nzuri zaidi ya kukuandikia, usiku na mchana nimeitafuta, sikuipata. Ile ya kuku ningeweza kuisema, lakini kuku nina wengine. Niliona aibu watu waje wakukute umelala sakafuni. Niliona aibu yako, mwanangu, tangu pale hospitali. Nilitaka wanisifie mtoto na mkwe na chumba, na wewe ulikuwa na huzuni, na huzuni haina mahali pa kuionyeshea wageni.

Alhamisi baada ya kuondoka kwako mumeo alivunja. Hakumwambia mtu. Nilisikia tindo likigonga nikatoka nikamshikia ndoo. Hakunifukuza. Aliingia kwa tumbo mpaka miguu ikapotea, akakaa humo ndani muda mrefu sana, mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka alikuwa na watatu kwenye kiganja kimoja. Walikuwa wamelalia vipande vya kitambaa cha manjano.

Nilivitambua. Nikajua kidole chako kilikuwa kinapitisha nini kwenye ufa. Uliikata ile nguo ukawapa, naye mama yao akaikokota akawatandikia. Nami juu yenu nikiwa nawafagilia wageni.

Tumewazika nyuma, wamefunikwa kwa vipande hivyo hivyo. Mumeo aliwapangia tofali nne pembeni, akazipima kwa timazi. Nilimwona anazipima nikarudi ndani.

Mumeo sijamwambia bado. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyesikia tangu mwanzo. Barua hii nikishaipeleka posta nitarudi nimkute kwenye zile ngazi, nimwambie. Akinichukia atakuwa na haki, lakini sidhani kama anajua namna ya kuchukia. Usimwache kwa neno ambalo alilisema ili kunisitiri mimi. Mimi uniache ukipenda. Kuna chumba cha kupanga nyuma ya duka la dawa, mwenye nyumba nimeshaongea naye, nitahamia huko hata kabla hujashuka garini, uje ukae nyumbani na mumeo bila kuniona.

Na kuna jambo la mwisho, mwanangu, ambalo ndilo lililonikalisha hapa.

Upande wa jikoni, chini kabisa ya msingi, mumeo alikuta shimo. Jembamba, ngumi yangu haipiti. Mzee Darubini alikuja akalala chini akalichungulia kwa vile vioo vyake, akasema limechimbwa kutoka nje kwenda ndani, na udongo wake ni wa siku chache. Kwenye ukingo kulikuwa na uzi mmoja wa manjano. Anasema jike akifika kwa watoto hubeba mmoja, anakwenda naye, kisha ndipo arudi. Anasema labda aliporudi alikuta hakuna tena wa kubeba. Nikamuuliza kama alimbeba mmoja kweli. Akasema, Mama Fundi, hiyo inategemea walikuwa wangapi mwanzo, na humu nyumbani ni mtu mmoja tu anayejua.

Siku ile ya kwanza, ulipoinua sikio kwenye mbao, ulianza kunitajia idadi yao. Ulisema, "Nadhani wako...", nami nikakukatiza nikakuambia hamna kitu, inuka hapo chini. Hospitali nako ulianza kuniambia mtoto anafanana na nani, nikakukatiza vilevile. Hilo la pili sina uso wa kukuuliza kwa barua. Siku ukiweza, nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize.

Leo nakuuliza hili dogo, na sitakukatiza. Walikuwa wangapi?

Mdogo wangu, ukishamsomea mwache alie kama anataka kulia, usimwambie anyamaze kama mimi nilivyozoea. Mpe shemeji salamu zangu, mwambie dawa ya kikohozi nitamtumia. Wasalimie mapacha, na yule wa kwanza mwenye miwani mwambie bado naiweka ile picha aliyonichorea, ingawa pua alinikosea. Mwanao fundi anakuamkia, hajui kama nimeandika lakini najua angekuamkia.

Tundu tumeliacha wazi. Kila jioni namwaga majivu mbele yake, nayasawazisha kwa ubao kama nilivyofundishwa, na asubuhi nakwenda kutazama.

Mungu akutunzie goti lako, akutunzie mtoto wetu aliye chini ya paa lako, alainishe moyo wake hata kama si kwangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nikiwa na makosa yangu yote,

Mama yao wawili.